Kiti cha magurudumu na shimo la mchanga

SWALI: Mdogo wangu anacheza gofu akitumia kiti cha magurudumu. Wenzake walimwambia kwamba mpira ukizama kwenye shimo la mchanga asikoweza kuingia, hana budi kujitoa. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, na inasikitisha kwamba aliambiwa hivyo. Tangu mwaka 2023, marekebisho kwa wachezaji wenye ulemavu yamo ndani ya Kanuni za Gofu zenyewe, katika Kanuni ya 25, nayo hutumika katika mashindano yote bila kusubiri ridhaa ya klabu. Mdogo wako anaweza kutangaza kwamba mpira hauchezeki, kisha akauangusha nje ya mchanga, nyuma zaidi kwenye mstari unaotoka kwenye bendera kupitia pale ulipokuwa, kwa pigo moja tu la adhabu. Wengine hutozwa mawili. Mwombe aichapishe kanuni hiyo na kuiweka ndani ya mfuko wake wa fimbo.