Usinunue PlayStation 5 isiyo na sehemu ya diski kwa ajili ya banda la Ujiji

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza kwamba unayo PlayStation 4 moja na akiba ya shilingi laki saba, na kwamba unakusudia kuiuza mashine hiyo, ujazie akiba yako, ununue PlayStation 5 ya toleo lisilo na sehemu ya diski kwa kuwa ni nafuu, kisha ufungue banda la gemu Ujiji. Umeuliza pia kama wana haki wale wanaosema kwamba zama za diski zimekwisha. Mimi niliendesha banda Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa miaka 12, kuanzia enzi za PlayStation 2 na umeme wa jenereta za dizeli kabla mkoa wetu haujaunganishwa na gridi ya taifa, na ninakusihi usinunue toleo hilo.

PlayStation 5 za matoleo yote mawili zilipoingia sokoni Novemba 2020, nchini Marekani ile yenye sehemu ya diski iliuzwa dola 499, na isiyo nayo, ambayo hucheza gemu za kupakua mtandaoni tu, dola 399. Tofauti ya namna hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa dola 100, yaani kama shilingi 230,000, ndiyo inayokuvutia, wala sikulaumu. Lakini ni katika msimu uleule ambapo kampuni kubwa zilianza kupandisha bei ya gemu mpya kutoka dola 60 hadi dola 70. Vijana wengi hulalamikia bei hiyo ya dukani peke yake, ilhali mwenye banda anapaswa kuhesabu kile ambacho gemu imemgharimu mpaka siku inapotoka mikononi mwake. Mwaka 2016 nilinunua diski ya gemu ya mpira kwa shilingi 120,000, ikanifanyia kazi miezi tisa, na mwezi Juni nikamuuzia kijana wa Kasulu kwa shilingi 60,000. Niliiuza Juni kwa makusudi, kwa sababu toleo jipya la gemu hizo hutoka karibu kila Septemba, na likishatoka, la zamani hakuna anayelitaka. Gemu uliyoipakua huwezi kuifanyia hivyo: humuuzii mtu, humwazimi mtu, na siku ukiichoka inabaki ndani ya mashine bila kukurudishia hata senti moja. Ukinunua na kuuza diski nne za namna hiyo, ule unafuu wa mwanzo umekwisha kumezwa.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawalioni. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la mtandaoni la PlayStation, kwa hiyo mchezaji wa hapa hulazimika kufungua akaunti kwa nchi nyingine na kutafuta kadi za malipo za nchi hiyo kwa watu wa kati, ambao nao huongeza chao. Nilipoona gharama hiyo ni kubwa, nilinunua kwa muuzaji mmoja akaunti iliyokwisha kuwekwa gemu nne, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu. Baada ya wiki sita nywila ilibadilishwa, zile gemu zikafungwa, na namba ya simu ya muuzaji haikupatikana tena. Kwa kuwa akaunti haikuwa kwa jina langu, sikuwa na hoja ya kumpelekea mtu yeyote. Iliniuma sana, kwa sababu ile ilikuwa ada ya mwanangu ya muhula mzima, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia kwa urefu huu. Sijataja bado bando: gemu moja ya siku hizi yaweza kufika GB 80 au zaidi, na umeme ukikatika njiani utasubiri tena.

Ni kweli kwamba hata diski haikukingi na kila jambo. Gemu ya The Crew, iliyotoka mwaka 2014, ilizimwa na kampuni yake, Ubisoft, mwishoni mwa Machi 2024, na waliokuwa na diski yake hawakubaki na kitu cha kucheza, kwa kuwa ilitegemea mtandao muda wote. Kwa hiyo, kabla hujanunua gemu yoyote, hakikisha inachezeka na watu wawili walioketi pamoja bila intaneti.

Kuhusu wateja wa kucheza mtandaoni, usiwajengee matumaini. Gemu nyingi za kulipia hudai ada ya uanachama ili ucheze na watu wa mbali. Gemu ya mpira iitwayo eFootball ni ya bure na haidai ada hiyo, lakini mtandao wa simu unaposuasua, mpira huganda, na mpinzani anayezidiwa hukata mawasiliano akaondoka. Nimesikia pia matusi ambayo vijana hutupiana kupitia vipokea sauti, wakidhihaki hata lafudhi ya mtu. Bandani kwangu mshindi alibaki na aliyefungwa alimpisha mwenzake, aliyetukana alipoteza zamu yake, na mwanafunzi mwenye sare hakuingia kabla ya saa kumi jioni. Wazazi waliokuwa wakipita kwenda sokoni walinifahamu na waliniamini. Watu walilipa shilingi 500 kwa mechi ili wamfunge jirani yao mbele ya macho ya watu, na furaha hiyo sijaiona mtandaoni hata siku moja.

Kwa hiyo baki na PlayStation 4 yako. Katika zile laki saba, nunua kwanza stabilaiza, kwani umeme unaoruka ndio ulioniharibia hadi diski kuu mbili, yaani kile kifaa cha ndani ya mashine kinachohifadhi gemu. Kisha badilisha diski kuu ya mashine yako kwa SSD, yaani hifadhi ya kisasa yenye kasi zaidi, kazi ambayo fundi makini huimaliza kwa muda mfupi. Weka pedi mbili za kuchezea ziwe za akiba, maana vile vijiti vya kuongozea hulika kwa ndani kwa kusuguliwa kila siku, na mchezaji wako ataanza kukimbia upande asioutaka. Fedha itakayobaki iwe ya diski za mitumba.

Banda likishajilipa, tafuta PlayStation 5 yenye sehemu ya diski. Nyingi ya diski zako za PlayStation 4 zitacheza humo. Usimlipe muuzaji mpaka aiwashe mbele yako, aingize diski, na mcheze saa nzima bila mashine kuzima wala kuitema. Nina diski saba za PlayStation 4 nyumbani; pita Mwanga siku hiyo nikuazime mbili za kujaribia.