Cheo kikipanda, kujitambua hakupandi nacho

Je, uzoefu na cheo humfanya kiongozi ajijue zaidi? Hapana. Mara nyingi ni kinyume. Mwanasaikolojia wa Marekani, Tasha Eurich, aliandika mwaka 2018 kwenye jarida la uongozi na biashara, Harvard Business Review, kwamba watu wengi huamini wanajitambua, lakini kati ya waliochunguzwa na timu yake ni asilimia 10 hadi 15 tu waliotimiza vigezo vya kujitambua. Humo humo anataja uchunguzi wa viongozi zaidi ya 3,600: wa ngazi za juu ndio waliozidi kujikadiria makubwa kuliko walivyoonwa na wenzao.

Sababu anaijua yeyote aliyekaa vikaoni. Bosi anamaliza kuongea, anauliza, "Kuna mwenye maoni?" Kimya. Watu wanafunga madaftari. Anatoka akiamini wamekubaliana naye, kumbe hakuna anayetaka kumwaga unga wake. Niko idara ya utumishi, haya nayaona sana, na yanaumiza timu nzuri kabisa. Swali linalopata jibu ni dogo, na huulizwa pembeni: "Dada, leo kikaoni nilimkatiza nani?" Ukijibiwa, shukuru, usijitetee. Ukijitetea mara moja tu, hutaambiwa tena.

Angalizo: asilimia hizo zinafuata vigezo walivyoviweka watafiti wenyewe, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha ofisi yako.