Walishwe Pamoja, Wapimwe Kila Mmoja Peke Yake: Mwaka wa Kwanza wa Mapacha Watatu Njiti

Wanangu watatu walizaliwa kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 31, yaani wiki 9 kabla ya siku tuliyokuwa tukiitarajia. Wa kwanza alikuwa na gramu 1,480, wa pili gramu 1,390, na wa tatu gramu 1,120, hivyo uzito wao wote kwa pamoja haukufika kilo 4. Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo ameketi kando ya kiatamizi, kile kisanduku cha kumtunzia mtoto njiti joto, akijiuliza ataanzia wapi. Kuna jambo moja lililotuchukua miezi mingi kulielewa, nami ningefurahi kama mtu angenieleza mapema: mapacha watatu njiti walishwe kwa saa moja, lakini wasipimwe kwa kipimo kimoja. Ratiba iwe ya wote, ila tathmini iwe ya kila mtoto peke yake.

Nianze na wodini, kwa sababu mengi ya nyumbani hujengwa huko. Mtoto aliyezaliwa mapema namna hii hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, kwani uwezo huo huanza kukomaa kwenye wiki ya 32 hadi ya 34. Kwa hiyo maziwa hupitishwa kwenye mrija mwembamba unaoingia puani au mdomoni hadi tumboni, na kazi ya mama inakuwa kukamua. Nilikamua mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, na siku za mwanzo nilipata matone machache tu ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ambayo muuguzi aliyavuta kwa bomba la sindano na kuyagawa kwa watatu. Usikate tamaa kwa uchache huo. Maziwa huongezeka kadiri yanavyotolewa, na mama anayeruka zamu za usiku katika wiki mbili za mwanzo huona upungufu baadaye, wakati mahitaji ya watoto watatu yamekwisha kupanda. Kwa watoto njiti maziwa ya mama hupunguza pia hatari ya ugonjwa mbaya wa utumbo unaowaandama, na kwa hiyo hata kijiko kimoja kina thamani yake. Hata hivyo, sikufikia kuwatosheleza wote watatu kwa maziwa yangu peke yake. Nusu ya milo yao ilikuwa ya maziwa ya unga kwa ushauri wa daktari, na sioni sababu ya mama yeyote kujilaumu kwa hilo. La kuzingatia ni kwamba maziwa ya unga si salama dhidi ya vijidudu mpaka yachanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzijoto 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto.

Jambo la pili la wodini ni kuwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii, inayoitwa huduma ya kangaruu, ilianzishwa Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 kutokana na uhaba wa viatamizi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mapema iwezekanavyo baada ya mtoto kuzaliwa na iendelee kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Mwenye mtoto mmoja anaweza kuyafikia masaa hayo, lakini mwenye watatu hana vifua vitatu. Sisi tuligawana: mimi nilibeba wawili kwa kitambaa kipana, mume wangu akambeba wa tatu akitoka kazini, na mama mkwe akashika zamu ya mchana baada ya muuguzi kumfundisha. Waombe wauguzi wamruhusu msaidizi mmoja au wawili wa kudumu. Joto la kifua cha baba au cha bibi hufanya kazi sawasawa na la mama.

Hapo hapo wodini nilipata somo la kuuliza. Katika hospitali tuliyokuwa, hakuna aliyetutajia uchunguzi wa macho. Nilisikia habari zake kwa mama wa kitanda cha jirani, watoto wakiwa na wiki 3. Mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho la mtoto njiti huwa haijakamilika, na inaweza kukua vibaya hadi kuharibu uwezo wa kuona, ilhali ikigunduliwa mapema hutibika. Kipimo cha kwanza hufanywa mtoto akiwa na takribani wiki 4, na hurudiwa mpaka daktari aridhike. Muulize daktari kuhusu macho na masikio ya kila mtoto kabla ya kuruhusiwa kutoka, na uandikiwe tarehe za kila mmoja.

Wawili wakubwa waliruhusiwa baada ya wiki 5, mdogo akabaki wiki 2 zaidi kwa sababu bado alikuwa akisahau kupumua. Hali hiyo, ya pumzi kukatika kwa sekunde 20 au zaidi, ni ya kawaida kwa watoto njiti na hutibiwa kwa dawa ya kafeini mpaka ubongo ukomae. Wiki hizo 2 zilikuwa ngumu kuliko zote zilizofuata. Nilikuwa nyumbani na wawili huku moyo ukiwa kwa wa tatu, na nikiwa kwa wa tatu maziwa yalivuja nikiwafikiria wawili. Ikikutokea hivyo, pangeni mapema nani atakwenda hospitali saa ngapi, na usihesabu siku moja ya kutokwenda kuwa ni kumtupa mtoto.

Walipokutana wote nyumbani ndipo hesabu ya kulisha ilipotuzindua. Kila mtoto alikula mara 8 kwa siku, na kila mlo, pamoja na kumbeulisha na kumbadili nepi, ulichukua kama dakika 40. Milo 24 ya dakika 40 ni masaa 16. Ukiwalisha kila mmoja anapoamka, siku inakwisha kabla ya wewe kulala au kula, na katika wiki ya kwanza ndivyo ilivyotutokea. Tukaamua kuwalisha wote saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, mchana na usiku. Anayeamka kwanza ndiye aliyefungua zamu, na wenzake waliamshwa taratibu kwa kufunuliwa miguu. Najua wengi huambiwa wasimwamshe mtoto aliyelala. Kwa njiti wa kilo 2 ushauri huo haufai, kwa sababu hana akiba mwilini na mara nyingi hana nguvu ya kulia kuomba chakula. Baada ya takribani wiki 3 miili yao ilizoea, nami nikapata vipande viwili vya usingizi wa saa mbili mbili kila usiku, ambavyo kwa wakati ule vilinitosha kusimama.

Ratiba peke yake haikutosha. Usiku mmoja nilimlisha wa pili mara mbili na wa kwanza akakosa mlo wake, na niligundua asubuhi nilipohesabu chupa. Tangu siku hiyo tulikuwa na daftari lenye safu tatu, na kila anayemlisha mtoto aliandika saa, kiasi alichomaliza, mkojo, choo na dawa aliyopewa. Kila mtoto alikuwa na rangi yake: kofia, kifuniko cha chupa na safu yake daftarini vilikuwa vya rangi moja. Dawa za matone zina umuhimu wa pekee hapa, maana akiba ya madini ya chuma huwekwa mwilini miezi ya mwisho ya ujauzito, na hawa waliikosa miezi hiyo, hivyo waliandikiwa madini ya chuma na vitamini D. Dozi hufuata uzito, na uzito wao haukuwa sawa.

Daftari ndilo lililomwokoa mdogo, na naomba nilieleze hili kwa kirefu kidogo. Akiwa na miezi 3 alianza kuacha mililita 10, kisha 20, kisha nusu ya mlo. Hakulia, hakukohoa, wala hakuwa na homa. Kwa kumtazama ungesema ni mtoto mpole aliyechoka, na wenzake walivyokuwa wakila vizuri tulishawishika kwamba hakuna tatizo ndani ya nyumba. Mume wangu aliposoma safu yake akaona milo mitatu mfululizo imepungua. Tulimpima tukakuta nyuzijoto 35.2. Kiwango cha kawaida ni 36.5 hadi 37.5, na wengi tumezoea kuogopa kupanda tu, ilhali mtoto mchanga mwenye maambukizi, hasa njiti, huweza kupoa badala ya kuchemka. Alilazwa siku 10 akitibiwa maambukizi ya damu, akapona. Kwa hiyo kuwa na kipimajoto, na umpeleke mtoto hospitali bila kusubiri kesho ukiona amekataa kula, amelegea na haamki vizuri, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, amepoa au ana homa, amekuwa wa manjano hadi viganjani na kwenye nyayo, au amepata degedege. Usiwatazame wenzake kwanza ndipo uamue. Mtoto apimwe kwa jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe jana.

Kuhusu usingizi sitasema mengi: chali, kila mmoja mahali pake, pasipo mto wala blanketi zito, hata kama wodini uliona njiti wakilazwa kifudifudi. Kule walikuwa na mashine inayohesabu pumzi, na nyumbani haipo. Wageni nao waliwekewa masharti tangu siku ya kwanza. Mwenye mafua hakuingia, mvutaji sigara hakumbeba mtoto, na kila mmoja alinawa mikono kwa sabuni. Baadhi ya ndugu walikasirika. Walisamehe baadaye, na mapafu ya watoto yalilindwa.

Linalowachanganya wazazi wengi ni umri. Watoto hawa wana umri wa aina mbili, na kila mmoja una matumizi yake. Chanjo hufuata siku waliyozaliwa, na hazicheleweshwi kwa sababu ya unjiti, isipokuwa chache za mwanzoni ambazo daktari anaweza kuzisogeza kwa mwenye uzito mdogo sana. Maendeleo ya mwili na akili, yaani kutabasamu, kukaza shingo, kukaa na kutambaa, huhesabiwa kwa umri uliorekebishwa, ambao unaupata kwa kutoa zile wiki alizowahi kuzaliwa. Wangu walipotimiza miezi 6 kwa kalenda walikuwa na takribani miezi 4 kwa hesabu hiyo, na ukiwalinganisha na mtoto wa jirani aliyetimiza miezi 9 tumboni utalia bure. Hesabu hii hutumika hadi miaka 2. Kuanza chakula laini nako tulikuamua kwa dalili za kila mtoto, kwa kushauriana na kliniki: shingo iliyokaza, uwezo wa kukaa akishikiliwa, na mdomo unaofunguka kijiko kinapokaribia. Wawili walianza pamoja, mdogo akafuata wiki 4 baadaye, na wiki hizo nililazimika kuwakataza watu wazima wasimlishe kwa huruma.

Hata hivyo, umri uliorekebishwa usigeuzwe kuwa kisingizio cha kila jambo. Mtoto anayekunja ngumi muda wote baada ya miezi kadhaa, anayekakamaza miguu anapobadilishwa nepi, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, anapaswa kuonwa na mtaalamu. Wa kwanza wetu, yule mkubwa tuliyekuwa tukimtegemea, ndiye aliyeonekana na ukakamavu wa mguu wa kushoto akiwa na miezi 8, nasi tulichelewa kuuona kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwa mdogo. Ameanza mazoezi ya viungo na anaendelea vizuri.

Nimalizie na mama mwenyewe. Mwezi wa nne nilikuwa nafanya kila kitu kwa wakati, daftari likiwa safi, lakini sikuhisi furaha wala huzuni, na nilikuwa nikilia nikiwa bafuni bila kujua ninalilia nini. Niliita hali hiyo uchovu. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniuliza kama nalala hata watoto wanapolala, na jibu langu lilimfanya anipeleke kwa mshauri siku ile ile. Sonona baada ya kujifungua huwapata zaidi akina mama wa mapacha na wa watoto njiti, na hutibika. Waume na ndugu wanaosoma haya, mwulizeni mama swali hilo hilo, na mchukue zamu nzima ya usiku bila kumwamsha kuuliza chupa iko wapi. Anayekuja kusaidia afue nguo, aoshe chupa na kupika, ili mikono ya mama ibaki kwa watoto au kwa mto wake.

Walipotimiza mwaka mmoja tuliwapeleka kliniki kwa pamoja. Muuguzi alichora nukta tatu kwenye kadi tatu, akihesabu miezi 10 badala ya 12. Hakuna nukta iliyolingana na nyingine, na zote tatu zilikuwa ndani ya mistari. Akatuandikia tarehe ya kurudi: mkubwa baada ya mwezi mmoja kwa ajili ya mguu, wawili baada ya miezi mitatu.