Jibu: Klorini ipo lakini tumbo bado linasumbua

Habari ndugu, pole sana na karibu kwenye kazi ya misheni. Umesema unaweka vidonge vya klorini kwenye maji ya kisima na bado unaharisha, mi ningeanza kuangalia kama maji yana tope maana tope linaimaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Hapa kituoni tunayaacha yatuame kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tunachota ya juu tu, tunachuja kwa kitambaa safi ndo tunaweka dawa, tunasubiri nusu saa. Ila kuna vijidudu klorini haiviwezi kwahiyo bora uchemshe, yakishatokota acha dakika 1, ukiwa juu milimani zaidi ya mita 2,000 acha 3. Na kikombe cha kuchotea kisilale chini jamani. Ukiona damu chooni wahi ukapime.