Pointi za sprinti hazilinganishwi kati ya timu

SWALI: Mtaalamu, shirika letu lilianza kufanya kazi kwa mtindo wa Agile (kazi inagawanywa vipande vidogo, na mteja anapewa matokeo mara kwa mara) miezi 8 iliyopita. Tuna timu 4 za watu 6 hadi 8, sprinti (vipindi vya kazi) za wiki 2, kikao cha kila asubuhi na ubao wa kazi. Hata hivyo, kila sprinti ikiisha karibu nusu ya kazi inabaki. Sasa uongozi unataka kulinganisha pointi ambazo kila timu huzipa kazi zake ili ijulikane ipi inazembea. Mshauri tuliyemkodi naye anasema dawa ni kozi ya siku 2 yenye cheti kwa kila mtu, pamoja na kubadilisha programu ya kusimamia kazi. Je, tumfuate?

JIBU: Hapana. Na kabla ya kuzungumzia kozi, zuieni kwanza huo ulinganisho wa pointi, kwa sababu madhara yake huchukua muda mrefu kuondoka.

Pointi hazina kizio kama kilo au saa. Ni makisio ya timu moja kwa matumizi yake yenyewe: kazi hii ni kubwa kiasi gani tukiiweka kando ya ile tuliyoimaliza juzi. Kazi ile ile timu moja inaweza kuipa 3, timu ya pili ikaipa 8, na zote mbili zikawa sahihi. Mwongozo rasmi wa Scrum, njia ya Agile inayotumia sprinti, wa mwaka 2020 haudai pointi popote, ila washauri wanaziuza kana kwamba ndizo moyo wa jambo zima.

Jedwali la kulinganisha likishabandikwa, kazi ya 3 inapanda kuwa 5, na ya 5 inakuwa 8. Watu hawajakaa kula njama. Kila mmoja anajikinga tu. Baada ya sprinti chache grafu inapaa, uongozi unafurahi, na mteja anasubiri vilevile. Timu nayo imepoteza kifaa chake cha kupangia, maana namba zake zenyewe haiziamini tena. Kuna ubaya zaidi: kumsaidia jirani hakuna pointi. Timu inayoonekana dhaifu huenda ndiyo inayotunza mfumo wa zamani na kuzikwamua timu nyingine 3 kila wiki.

Pimeni muda. Kwenye kila kadi ya kazi ubaoni andikeni tarehe mbili: siku mtu alipoanza kuishughulikia, na siku mtumiaji alipoanza kuitumia kazi hiyo. Msiishie kwenye "imekamilika upande wetu". Kadi 20 zikishakamilika, zipangeni kuanzia iliyokwenda haraka hadi iliyochelewa, mhesabu hadi ya 17. Ikiwa hiyo ilichukua siku 12, basi kazi 17 kati ya 20 zilikamilika ndani ya siku 12. Hapo mna ahadi mnayoweza kumpa mtu bila kubahatisha.

Sasa hiyo nusu inayobaki. Hesabuni kazi zilizofunguliwa na kuachwa njiani. Mtafiti John Little alithibitisha kanuni yake ya foleni mwaka 1961, na bado inaumbua mipango mingi: wastani wa muda wa kazi moja ni idadi ya kazi zilizo wazi, gawanya kwa idadi mnayomaliza kila wiki. Kazi 18 zikiwa wazi na mkamaliza 3 kwa wiki, kila moja itachukua wastani wa wiki 6. Haiwezi kuenea kwenye sprinti ya wiki 2, hata kikao cha asubuhi kiwe kizuri namna gani. Shusheni ziwe 6, mwendo wa kumaliza ukibaki ule ule, mtafika wiki 2. Kwa timu ya watu 6, anzeni na kikomo cha kazi 6 zilizo wazi kwa wakati mmoja, kisha mjaribu 4. Kikomo kikijaa, aliyemaliza yake asivute kazi mpya. Aende kusukuma ile iliyo karibu zaidi na mwisho. Meneja atalalamika kwamba kuna mtu amekaa bure. Mwelezeni mapema, la sivyo kikomo kitavunjwa wiki ya kwanza.

Kisha tafuteni kazi zinaposubiri. Kila kadi iliyokwama ipate alama, jina la idara inayosubiriwa na idadi ya siku. Sprinti ya wiki 2 ina siku 10 za kazi. Ikiwa idhini ya usalama peke yake inakula siku 5, nusu ya sprinti imekwenda kabla mtu hajakosea lolote. Hapo timu haina uwezo. Ni uongozi unaoweza kumhamishia mpimaji wa usalama ndani ya timu, au kuamua kwamba mabadiliko ya hatari ndogo hayapiti tena kwenye kamati.

Kozi ya siku 2 hufundisha majina ya majukumu na ya vikao. Haimpi mtu yeyote mamlaka ya kufuta hatua moja ya idhini. Programu mpya nayo itapokea foleni ile ile na kuipaka rangi nyingine. Muulizeni mshauri wenu: kwa mteja aliyepita aliondoa hatua gani ya kusubiri, na ziliokolewa siku ngapi? Akirudi kuzungumzia ubao na vyeti, msimwongezee mkataba.

Hili naliona kila mara, wala si kwenu peke yenu. Watu 17 walioandika Ilani ya Agile mwaka 2001 walisema wazi kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Mashirika yanachukua vikao, kisha yanabakiza bajeti iliyofungwa mwaka mzima kwa kila mradi, tarehe na orodha ya kazi visivyogusika, na bonasi ya mtu mmoja mmoja. Mfumo wa namna hiyo huharibu kila namba inayoingizwa ndani yake. Hata zile tarehe mbili nilizozitaja, mkizifunga kwenye bonasi, watu watachelewa kuandika ya kwanza.