Jibu kwa aliyeuliza: Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya 500W itabeba kadi ya picha RTX 3060, kwenye mashine yenye prosesa i5-10400F?

Mkuu hiyo 500W iliyoandikwa kwa herufi kubwa isikudanganye, geuza pawa saplai usome stika pembeni tafuta mstari wa +12V maana kadi na prosesa karibu zote zinakula hapo. Umesema yako imeandikwa 25A, sasa volti 12 mara ampea 25 ni wati 300 tu, hizo nyingine ni maneno ya kwenye boksi.

RTX 3060 yenyewe ni wati 170, hiyo prosesa yako i5-10400F wanasema 65 ila ikibanwa inapanda hadi 130 hivi, jumla 300 tayari na hujahesabu feni, diski wala kadi ikivuta umeme mwingi ghafla kwenye gemu. Nvidia wenyewe, wenye hiyo kadi, wanataka pawa saplai ya 550W, na hapo wanamaanisha 550 ya kweli.

Mimi nilinunua ya bei chee hapa mjini Mwanza, kila nikianza gemu mashine inazima pwaa, nikadhani umeme umekatika kumbe taa ya sebuleni inawaka na jirani anasikiliza taarabu zake kama kawaida 😂

Angalia na waya pia, 3060 nyingi zinataka pini 8 moja (wati 150, sloti ya mazabodi inaongeza 75), ukiambiwa uunge adapta ya molex (inayogeuza waya wa diski kuwa wa kadi) kataa. Kama hela ya pawa saplai mpya haipo chukua kadi ndogo ya GTX 1650 isiyo na pini ya umeme, inakula 75 tu na hiyo yako itaiweza.

Ukienda Makoroboi hapa Mwanza kutafuta pawa saplai iliyotumika ipime kwa mkono, ikiwa nyepesi kama boksi tupu iache hapohapo