BMW iX au Audi Q8 e-tron? Kwanza acha kusoma kioo

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nataka kununua SUV ya umeme iliyotumika na nimebaki na mbili, BMW iX xDrive50 na Audi Q8 e-tron 55. Muuzaji wa BMW amenionyesha kioo cha dashibodi: betri imejaa na kilomita zilizoandikwa kwamba inaweza kwenda ni 610. Audi nayo ikijaa inaonyesha 430 tu. Tena BMW inachaji kwa kilowati 195, Audi 170. Fundi niliyekwenda naye anasema betri ya Audi imechoka, ila yeye anaweza kuiriseti kwa gharama ndogo ikarudi kama mpya. Nichukue BMW, au Audi halafu tuiriseti?

Jibu: Marahaba. Ulichouliza nitakijibu haraka, maana kilichonifanya nikae kuandika ni hicho kioo, na huyo fundi wako.

Kwenye makaratasi, magari haya yanakaribiana kuliko wauzaji wanavyopenda ujue. Betri ya BMW ni ya kilowati-saa 111.5, na katika hizo unazoruhusiwa kutumia ni 105.2. Ya Audi ni 114, unatumia 106. Kila moja lina uzito wa tani mbili na nusu hivi, mfumo wa umeme wa volti karibu 400, na mota zisizo na sumaku za kudumu. BMW inapasua upepo vizuri zaidi, na katika WLTP, kipimo rasmi cha maabara cha umbali gari linaoenda kwa chaji moja, ilifika hadi kilomita 630, Audi ikaishia 582. Audi inakupa buti la lita 569 dhidi ya 500 za BMW, na kijisanduku cha mizigo midogo chini ya boneti. Boneti ya BMW hutaifungua mwenyewe kabisa. Maji ya waipa unayamimina kwa kuinua nembo ya mbele. Wapo wanaoliona hilo ni ustaarabu. Mimi kama fundi linaniudhi, lakini si sababu ya kuliacha gari.

Kuhusu chaji, 195 na 170 ni kilele, na kilele hakikai. BMW yenyewe imetangaza kwamba kutoka asilimia 10 hadi 80 gari lake hutumia dakika 35. Audi imetangaza 31. Umeona? Mwenye namba kubwa ndiye anayechelewa, kwa sababu Audi haifiki juu sana lakini inashikilia kasi yake muda mrefu, wakati BMW inafika juu halafu inaanza kushuka mapema. Anayekutajia kilowati za kilele bila kukuambia dakika anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama safari zako ni ndefu na utategemea vituo vya chaji ya kasi, mimi ningechukua Audi. Kama unachajia nyumbani usiku, BMW itakula umeme kidogo zaidi. Hilo lote, lakini, ni kama betri zote mbili ni nzima, na hakuna mtu aliyekuonyesha kwamba ni nzima.

Tuje kwenye kioo. Sipiti wiki bila mtu kuniletea picha ya dashibodi akitaka nimwambie hali ya betri kutokana na kilomita zilizoandikwa. Namba ile haipimi betri. Kompyuta inachukua nishati iliyobaki na kuigawa kwa ulaji wa gari katika safari za karibuni, basi. Piga hesabu na hayo uliyoonyeshwa. Ili BMW yenye kilowati-saa 105.2 iandike 610, inatosha iwe imekula 17.2 kwa kila kilomita 100, jambo ambalo dereva mpole kwenye barabara tambarare analiweza. Audi yenye 106 ikiandika 430 maana yake imekula kama 24.7, na hicho ni kiwango cha kawaida kwa gari zito lililotoka kukimbizwa barabara kuu. Upinzani wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 60 kwenda 120, unakuwa mara nne. Kwa hiyo kioo kimekusimulia jinsi madereva wawili walivyoendesha. Inawezekana kabisa kwamba betri iliyochoka ni ile ya 610.

Na muuzaji mjanja analijua hilo. Analitembeza gari taratibu siku mbili tatu, kiyoyozi kimezimwa, kisha anakuita uje ushangae. Wala hahitaji kuchezea kitu.

Huyo fundi wa kuriseti ndiye ananikera zaidi, kwa sababu amebeba kipande cha ukweli. Ni kweli kwamba kompyuta ya betri hukadiria uwezo, haiuoni moja kwa moja. Gari likichajiwa miezi mingi kidogo kidogo katikati, bila kushuka chini wala kujaa, makadirio yanaweza kupotoka. Dawa yake ni kulishusha hadi karibu asilimia 10, kulichaji polepole hadi lijae, na kuliacha litulie masaa kadhaa. Hiyo unaifanya mwenyewe, bure. Anachouza yeye ni kitu kingine: anafuta kumbukumbu ya ulaji ili kioo kirudi kwenye makadirio ya kiwandani, au, kibaya zaidi, anafuta uwezo ambao kompyuta imejifunza ili iamini betri ni mpya. Betri hainufaiki na lolote. Inavyozeeka, lithiamu hunaswa ndani ya utando unaojijenga juu ya anodi, yaani upande hasi wa seli, na chembe za nikeli upande wa pili hupasuka taratibu. Hakuna waya wa kompyuta unaokwenda kuitoa lithiamu hiyo. Utakachokipata ni kompyuta iliyodanganywa, na siku moja asilimia 15 inaweza kuporomoka hadi sifuri ukiwa barabarani na familia.

Ukitaka kujua, pima nishati yenyewe. Lishushe gari hadi asilimia 20, lichaji kwa chaja ya polepole yenye mita hadi 80, likiwa limezimwa na hali ya hewa si ya baridi kali. Betri nzima ya BMW itapokea karibu kilowati-saa 63. Njiani hupotea, tuseme, sehemu ya kumi, kwa hiyo mita isome karibu 70. Ikisoma 58, zilizoingia ni kama 52. Gawa kwa 0.6 unapata 87, yaani asilimia 83 ya uwezo. Hiki ni kipimo cha kuchuja tu. Likipita hapo, lipeleke kwa mtu mwenye mashine inayoongea na kompyuta ya betri, akupe kwa maandishi uwezo uliobaki, tofauti ya volti kati ya seli (vijibetri vinavyounda betri nzima) yenye nguvu zaidi na iliyo dhaifu zaidi, na hali ya insuleti, yaani kinga inayozuia umeme usivuje kwenye bodi. Hiyo tofauti ya seli naithamini kuliko asilimia yoyote. Betri iliyozeeka kwa usawa inaweza kukutumikia miaka mingi. Yenye seli moja inayovuta nyuma ni maradhi.

Usisahau pia kwamba BMW na Audi zote huidhamini betri kwa miaka 8 au kilomita 160,000, na kizingiti ni uwezo kushuka chini ya asilimia 70. Magari unayoyatazama bado yamo ndani ya muda huo, yasipokuwa yamekimbia kupita kiasi. Sasa niambie, kwa nini mtu akimbilie kwa fundi wa kuriseti betri yenye dhamana hai? Kinachoiua dhamana hiyo haraka ni mkono wa asiyeruhusiwa.

Nayo mikono hiyo imezidi. Baada ya kuriseti kushindwa, hatua inayofuata ya watu hawa ni kufungua betri na kubadilisha moduli moja, yaani fungu moja la seli. Seli zimefungwa kwa mfuatano, kwa hiyo iliyo dhaifu ndiyo inayowaamulia wengine wote. Ukiweka moduli mpya kati ya kuukuu, wakati wa kuchaji zile kuukuu zinajaa kwanza na zoezi zima linasimama, na ile mpya uliyoilipia inabaki haijajaa. Wengine hawajui hata kwamba ukichomoa plagi ya usalama umetenganisha umeme wa nje tu. Ndani, seli bado zina volti zake, na za kutosha kuua. Nimeona betri iliyofungwa tena kwa gundi ya kuzibia mabomba badala ya gasketi yake. Maji yaliingia taratibu, insuleti ikaanguka, na gari likakataa kuwaka. Mwenye gari alikuwa ameambiwa amepata betri ya bei nafuu.

Kwa hiyo kabla ya kujadiliana na yeyote, waombe wayanyanyue magari yote mawili na uangalie uvunguni. Tazama boliti zinazoshika betri na kingo za mfuniko wake: vichwa vilivyochunika, boliti zisizofanana, gundi mpya iliyochuruzika pembeni. Ukiona mojawapo, usiulize hata bei.